Mama, mwache mtoto atengeneze swaps zake mwenyewe

Ikifika mwezi wa tano tu simu yangu haipumui. Kina mama wenzangu wa huku Ohio, Marekani, wa Mombasa, wa Dar, wa Bukavu, wote swali ni moja, ati kwa ile orodha ya vitu vya kambi ya Girl Scouts, hawa skauti wa kike wa Marekani, chini kabisa baada ya tochi na dawa ya mbu, kumeandikwa mtoto aje na swaps, sasa hizo swaps ndo nini na zauzwa wapi? Haziuzwi. Yaani zauzwa, ntafika huko, lakini usinunue. Nshachoka kurekodi voisi za dakika saba saba nikiwa jikoni kwa hivyo leo naandika yote hapa, nikiulizwa tena natuma linki basi.

Swap ni kidude kidogo cha kutengenezwa kwa mkono, ukubwa wake kama kidole gumba au kupungua, na nyuma kina pini, zile za kufungia mtandio. Msichana anakuja nazo kadhaa kwa kimfuko, anampa mwenzake moja, mwenzake naye anampa ya kwake, kila mtu anabandika aliyopewa kwa kofia au kwa vesti ya sare. Ndo hivyo tu, hakuna pesa hakuna mashindano. Siku ya mwisho ya kambi utaona vitoto vimevaa kofia ambazo kofia yenyewe haionekani, ni felti na shanga na vifuniko vya soda vyaning'inia mpaka machoni, na ukijaribu kumvua uifue utajua hujui.

Mimi mwanzo niliona ni mchezo wa kitoto tu, kumbe jambo hili ni la zamani. Girl Scouts yenyewe ilianza Savannah, Georgia, tarehe 12 Machi 1912, bibi mmoja aitwaye Juliette Gordon Low alikusanya wasichana 18, na wazo alilitoa Uingereza mwaka uliotangulia alipokutana na Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, huyu huyu aliyezikwa kwetu Nyeri. Sasa miaka ya 50 na 60 wakawa wana makambi makubwa ya wasichana wa sekondari kutoka Marekani nzima, Michigan 1956, Colorado 1959, Vermont 1962, Idaho 1965, maelfu ya wasichana kwenye mahema, na kila mmoja akija na vidude vya kwao, wa pwani na magamba ya kombe, wa mashamba na mahindi, vya kubadilishana. Hebu fikiria una miaka kumi na sita umetoka kijijini kwenu, umeingia kambi ina watu wengi kuliko mji wenu mzima, hujui mtu hata mmoja. Utaanzaje kuongea na mtu? Unamwendea na kidude mkononi. Hujamwambia nipende, hujamwambia tuwe marafiki, umemuuliza tu tubadilishane? Aibu yote imeishia hapo.

Na hii ndo sababu yangu ya kusema msiwafanyie watoto. Kidude si pambo, kidude ni kisingizio cha kuongea. Mtoto asiyekitengeneza hana la kukisemea.

Nimejua hivi manake mimi ni mama wa kujitolea kwenye kambi ya mchana, ile ambayo watoto wanakwenda asubuhi wanarudi jioni, ila usiku wa mwisho wanalala huko huko. (Baba watoto mpaka leo haelewi, aniambia sisi tulilala porini bure na hatukufurahi, huku watu walipa hela mtoto akaumwe na mbu.) Ukijitolea wanakuchunguza kwanza kama una kesi za jinai, halafu unapewa kundi, na kundi langu lilikuwa Juniors, wa darasa la nne na la tano. Kwa hivyo haya nimeyaona kwa macho si ya kusimuliwa.

Basi kuna swaps za aina gani. Za kawaida zaidi ni za vitu vya kambini vilivyofanywa vidogo. Moto wa kambi: vijiti vya meno vilivyokatwa, vimegundishwa juu ya kipande cha felti, katikati karatasi nyembamba ya rangi ya machungwa ndo ndimi za moto. Mfuko wa kulalia: kipande cha felti kimekunjwa kimeviringishwa kimefungwa uzi. Mkeka wa kukalia, manake kambini kila msichana ana kimto chake cha plastiki amekishona mwenyewe na magazeti ndani asilowe makalio, basi na hicho kinafanywa kidogo, pande mbili za plastiki ya meza na uzi wa sufi pembeni. Halafu kuna s'more, hii ni ile peremende nyeupe laini wanaichoma motoni wanaibana na chokoleti kati ya biskuti mbili, mapishi yake yalichapishwa kwenye kitabu cha Girl Scouts mwaka 1927, na kidude chake ni foamu ya kahawia mbili na pamba katikati. Kina mama Waislamu wenzangu wajua, ile peremende mara nyingi ina jelatini ya nguruwe, kwa hivyo s'more ya foamu ndo halali pekee utakayoipata msituni, labda ubebe peremende zako za halali kutoka duka la Wasomali kama nifanyavyo mimi.

Ninayoipenda mimi kuliko zote ni mfuko wa vyombo. Kambini kila mtoto ana sahani yake, kikombe na kijiko, na vyote vinakaa kwenye mfuko wa wavu. Akimaliza kula anasugua vyombo kwenye beseni la sabuni, anasuuza kwenye la pili, anavitumbukiza kwenye la tatu lenye dawa, halafu anarudisha kwa mfuko anatundika kwenye kamba vikauke na upepo, hakuna mambo ya kitambaa cha jikoni kinachonuka. Sasa kidude chake: unakata mraba wa neti, ile ya shela ya harusi, upana kama vidole vitatu. Ndani unaweka sahani ya duara uliyokata kwa kadi, kisha waya ule wenye manyoya wa kuchezea watoto unakunja kipande kidogo kiwe uma. Unakusanya pembe nne za neti unazungusha uzi mara mbili tatu, unafunga fundo, pini unaipitisha chini ya fundo pale neti ilipokunjana ili isichanike. Basi. Hakuna hata gundi. Mtoto wa miaka saba afanya, na ikitundikwa kwa kofia yabembea sawasawa na ule mfuko wenyewe kwenye kamba.

Na za kwao Ohio hasa ni buckeye, mbegu ya ule mti ambao ndo alama ya jimbo, ya kahawia yang'aa yateleza mkononi kama komwe za bao, na ina baka jeupe upande mmoja. Zaanguka Septemba, kwa hivyo ukizitaka za kambi ya Juni ulitakiwa uokote mwaka jana. Zianike juu ya gazeti wiki kadhaa, usizifunge kwa mfuko wa plastiki zikiwa mbichi zitaota ukungu, na usimpe mtoto mdogo manake ni sumu zikiliwa. Ukishazikausha unatoboa kwa drili ndogo, unaskrubu kipete, pini. Watoto wa majimbo mengine wazipenda sana, wa hapa hapa Ohio hawazitaki hata bure, wana ndoo nzima nyumbani.

Sasa binti yangu. Mimi nilikuwa nshapanga kichwani: nna vipande vya kanga nilivyobakisha kushona mito, tukate miraba midogo, tupinde ukingo, hiyo ni asili yetu, Wamarekani watashangaa. Nkamwambia. Akaniangalia vile watoto wa huku wanakuangalia. Akasema mama, hicho ni kitambaa, nikiulizwa ni nini ntasema ni kitambaa? Yeye ataka ndara. Ndara! Patipati, kwa wa Nairobi. Nkamwambia mwanangu ndara zatengenezwa na kila mtu humo kambini, na kweli, ndara za foamu ni swap ya kawaida mno manake kwenye orodha ya kambi lazima ubebe ndara za bafuni. Hakunisikiza.

Akachukua karatasi za foamu kutoka lile duka la vitu vya bei rahisi, akachora nyayo kwa kalamu, za kushoto na za kulia, urefu kama pingili ya kidole, akakata. Kisha, hapa ndo nlipoelewa, akaanza kuunganisha rangi. Kisigino cha bluu, katikati njano, mbele waridi, vipande vipande, akavigundisha ubavuni na mashine ya gundi ya moto (hiyo nilimsimamia, gundi ile yachoma), akisugua sandipepa kidogo kwenye ukingo zishikane mshono usionekane. Nkamuuliza kwani zina viraka, akasema ni kama yule kiboko. Tulipokwenda Nairobi likizo alimwona kiboko wa Ocean Sole, wale wanaokota ndara zinazoletwa na bahari ufuoni wanazigundisha wanachonga wanyama. Mambo hayo yalianzia huko Lamu upande wa Kiwayu mwishoni mwa miaka ya 90, watoto walikuwa wakichonga vichezeo kwa ndara zilizojaa ufuoni. Mimi nlisahau kabisa, yeye alikaa nalo. Ukanda wa ndara akaweka riboni nyembamba, matundu matatu kwa sindano ya kushonea viatu, pini ikapita chini ya ukanda. Ya mguu mmoja mmoja tu, pea ilimshinda uvumilivu.

Mimi kazi yangu ikawa kufungua pini na kunyamaza, na kunyamaza ndo kulinishinda zaidi. Nyingine zilitoka kama soli ya mtu aliyekanyagwa na lori. Vidole vyangu viliwasha kuchukua makasi nimnyooshee. Akatengeneza kama thelathini hivi, maana tuliambiwa idadi ya wasichana tukaongeza kidogo, daima ongeza kidogo.

Siku ya kubadilishana waliketi nyasini baada ya chakula. Wakubwa wa kidato, wale wasaidizi wa kambi, wakawakumbusha masharti, ambayo nayaandika hapa manake mtoto akiyajua mapema haaibiki: ukiombwa usikatae, hata kama cha mwenzako hukipendi. Moja kwa moja, hakuna ati changu ni kizuri nipe viwili. Mnabadilishana mkiangaliana uso, si kurushiana. Usiweke chakula ndani wala glasi, siafu na mizio ya karanga si mchezo. Na ukitaka kuandika kitu nyuma andika jina la kwanza na kundi lako, zamani waliandika mpaka anwani ya nyumba, siku hizi hapana, wazazi tumekuwa waoga na tuna haki.

Kulikuwa na mtoto mmoja alikuja na swaps za kununua. Ziko kwenye mtandao, pakiti zima limekatwa tayari na mashine, wewe wabandika tu, na huyu nadhani hata kubandika alibandikiwa. Mashallah zilikuwa nzuri, vibundi vya felti na vimacho, zote sawasawa. Nliketi karibu yake. Wenzake waja, nipe, shika, asante, waondoka. Mwenzake amuuliza huyu bundi ana jina? Asema sijui, mama ndo alizitoa kwa boksi. Maongezi yameisha. Alimaliza kubadilisha zote upesi kuliko wote halafu akabaki ameketi anazihesabu.

Ndara zangu, yaani za binti yangu, zilikwenda pole pole kama foleni ya feri ya Likoni. Kila mtu auliza mbona ina rangi tatu, naye aanza hadithi ya kiboko. Mara kiboko ni mkubwa hivi, mara bahari ya kwa bibi yake, mara kuna ndara elfu zinatoka baharini zenyewe usiku (hilo alitia chumvi, nkanyamaza). Msichana mmoja wa Cleveland akasema hata ziwa lao latema viatu, wakaanza kuhadithiana viatu. Robo saa mzima, kwa ndara moja iliyopinda!

Halafu nkamwona mtoto mwingine kando ya mti, hana kitu. Namjua, familia yao imetoka Bukavu juzi juzi, yeye Kiingereza ashakishika lakini nyumbani barua pepe za kambi hakuna wa kuzisoma zote. Mama yake alikuwa amekuja kumletea dawa, akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, bale batoto banauzisha nini pale?" Nkamwambia hawauzi dadangu, wabadilishana tu, bure. Uso wake ukabadilika. "Basi wa kwangu hana ya kutoa." Mimi hili ndo laniudhi na watu hawa wa makundi, watu wazuri, wakarimu, lakini wafikiri kila mama alikulia na haya mambo, wanaandika neno moja kwa orodha basi wajua umeelewa.

Nkaenda kwa sanduku la ufundi nkachukua pini na kipande cha uzi nkampelekea yule mtoto, sikumwambia afanye nini. Akaangalia chini, akaokota vifuniko vya mbegu za mwaloni, vile kama kofia, pale chini ya mti vimejaa. Akafunga uzi kwenye kikonyo cha kifuniko, akafunga kwenye pini. Kimekwisha. Wa kwanza akamuuliza hii ni nini, akafikiri kidogo akasema ni kofia ya mtu mdogo sana, ameivua kwa sababu ya joto. Weeee. Kila mtu akataka kofia ya mtu mdogo. Wakaanza kumletea vifuniko wenyewe, mmoja amfungia uzi, mmoja apanga pini, mpaka pini zikaisha kwa sanduku na yule mtoto akawa na wafanyakazi. Mama yake alisimama pale mpaka mwisho, dawa bado mkononi.

Kitu kingine mnaniuliza ni bangili za nyuzi, kama ni swap. Kwa maoni yangu hapana, ingawa siku hizi zaja nyingi, hasa za shanga zenye herufi, tangu mashabiki wa Taylor Swift walipozibadilishana viwanjani 2023 kila msichana ana bakuli lake la shanga. Za shanga sawa, zafanyika upesi. Lakini ile ya kusuka ya uzi wa kudarizi, unafunga nyuzi sita kwa pini, pini unaibana kwa goti la suruali, unapiga fundo mbili mbili kushuka mistari ya mishale, hiyo yala mchana mzima au zaidi. Huwezi kuifanya thelathini ukawapa watu usiowajua. Wasichana wenyewe wametenganisha bila kuambiwa: swaps wapewa wote, bangili ya kusuka apewa yule mliyelala hema moja akakushikia tochi ukienda chooni usiku. Na mwanao akifungiwa usimkatie mama, hata ikinuka, inaachwa mpaka ikatike yenyewe.

Kwa hivyo nnunue nini, mtauliza. Pini za chuma zisizoshika kutu, saizi ya wastani, zile ndogo kabisa hazipiti kwa kofia. Foamu, felti, uzi wa sufi. Mengine yote yako nyumbani au yako chini ya mti. Anza wiki tatu kabla, si usiku wa kuamkia kambi, manake usiku huo utajikuta wewe ndo unakata na mtoto amelala. Kaa naye mezani ukate bamia zako. Akikuuliza hii nzuri mama, mwambie nielezee ni nini, akiweza kukuelezea basi ni nzuri.

Akirudi na kofia imejaa usizing'oe kufua. Sisi tumetundika kipande cha kanga ukutani chumbani kwake (ndio, ile kanga yangu, angalau imepata kazi) na yeye ahamishia pale zile ambazo kofia imezikataa. Ndara moja iliyobaki tulimpa mjomba aliyekuwa akisafiri ampelekee bibi yake Mombasa. Bibi akapiga video, ameivaa kwenye buibui kifuani, akashukuru sana, akasema mjukuu wangu ana mikono ya dhahabu, halafu akauliza je, huyo mjomba wenu ameipoteza wapi ya pili.